Mshale Mbele ya Mvua

Mdogo wangu yuko Wisconsin, Marekani, tangu kesi yake ilipopita akasafirishwa. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, na wenzake wengi kazini ni wawindaji. Kule kuwinda kulungu si jambo la kujificha. Mtu anasoma darasa la usalama, anakata leseni, na kuanzia katikati ya mwezi wa tisa mpaka mwanzoni mwa mwaka unaofuata anaruhusiwa kuingia porini na upinde. Mwaka jana, mwezi wa kumi, alinitumia sauti kwenye WhatsApp:

"Yaya, nisaidie mawazo. Huku batu banabishana. Kesho jioni tunaenda mu pori na upinde, lakini simu inasema mvua itanyesha. Muzee moja anasema tusipige mshale. Kijana wake anasema mbele ya mvua njo kulungu banatoka sana. Sasa nani iko na haki?"

Mimi si mwindaji. Hapa Kyangwali huwezi kutoka na upinde ukafuata mnyama, sheria hairuhusu, na hata ingeruhusu sijui kama mikono yangu ingekumbuka. Lakini nasoma historia, na nililelewa na mjomba aliyekuwa mpiga upinde. Nilimwambia mdogo wangu nitamjibu, nikachelewa, na jibu likawa refu kuliko sauti ya simu. Ndilo hili.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Kamusi zetu humwita kulungu, nami nitamwita hivyohivyo, ingawa si yule kulungu wetu. Kulungu wetu, na paa wote wa Afrika tunaowajua, pembe zao hazidondoki. Huyu wa Marekani dume lake huota pembe zenye matawi, zikadondoka majira ya kupandana yakiisha, kisha zikaota upya. Yule wa Wisconsin ana mkia mweupe kwa chini, anauinua akikimbia kama mtu anayepunga kitambaa. Si mnyama mdogo: dume mzima anaweza kupita kilo 100. Nyama yake inalisha familia kwa miezi.

Pili, tujue mshale unavyoua, maana ugomvi wote umekaa hapo. Risasi inaingia kwa kishindo, inavunja. Mshale hauna kishindo hicho. Mshale unakata. Ncha yake ni wembe, na mnyama anakufa kwa kutokwa damu. Akipigwa penye mapafu au moyo, anakimbia kwa sekunde chache, mita mia hivi, anaanguka. Akipigwa vibaya, tumboni kwa mfano, atakufa vilevile, lakini baada ya saa nyingi na mbali na macho yako. Kwa vyovyote vile, mara nyingi hatoanguka pale alipopigwa. Utapaswa kumfuata, na kitu cha kufuata ni damu: tone kwenye jani, mstari kwenye nyasi. Wazoefu wanaisoma damu kama sisi tunavyosoma barua. Nyekundu yenye mapovu imetoka mapafuni. Nyeusi-nyeusi, huenda ni ini. Ikiwa na majimaji ya kijani na harufu, ni tumbo.

Halafu kuna jambo ambalo mtu wa mjini hawezi kulidhania. Ukishampiga, humkimbilii. Unakaa. Kama umeona umempiga vizuri, unasubiri nusu saa hivi. Kama ni tumboni, unasubiri saa sita au zaidi, pengine mpaka asubuhi. Mnyama mwenye jeraha, akiona hafuatwi, hulala chini karibu na hapo na kufia hapo. Akisikia nyayo, anainuka, anajikaza, anakwenda tena, na damu inazidi kupungua mpaka hakuna cha kufuata.

Sasa leta mvua hapo katikati. Ukisubiri kama inavyopasa, mvua inaosha damu. Ukienda haraka kabla damu haijaoshwa, unamwinua mnyama aliyekuwa amelala afe. Kila njia unayochukua ni mbaya, na kabla ya kuachia kamba ulikuwa na njia ya tatu: kutopiga. Mvua haimzuii mtu kulenga. Inachomzuia ni kumaliza kazi aliyoianza.

Mjomba wangu alilijua hili bila darasa. Mama yake alikuwa Mwefe na baba yake Mlese, ndoa za kawaida upande ule wa msitu wa Ituri, na upinde alifundishwa na wajomba zake wa Kiefe. Watu wakisikia neno Mbilikimo hufikiri wote ni wamoja. Sivyo. Wambuti wengi wa upande wa Mambasa na Epulu huwinda kwa nyavu, kambi nzima inatoka, wanawake wakiwasukuma wanyama kuelekea wavuni. Waefe ni watu wa upinde. Wana mshale wa ncha ya chuma kwa wanyama wa chini kama mboloko, yule paa mdogo wa msituni, na mshale wenye sumu kwa kima wanaokaa juu ya miti.

Mvua ya msitu ule unaisikia kabla hujaiona. Inakuja juu ya majani ya miti mikubwa kama lori linalopanda mlima. Mjomba alikuwa akiisikia, hata kama mboloko amesimama mbele yake, anautoa mshale kwenye kamba na kuurudisha pamoja na wenzake. Neno lake lilikuwa moja: "Mvua itakula damu." Basi, tunarudi nyumbani.

Mara moja tu hakufuata neno lake. Nilikuwa na miaka kumi au kumi na moja. Tulikuwa tumekula sombe bila kitu kingine kwa siku nyingi, na kulikuwa na mgonjwa nyumbani. Paa mwekundu alitokea, mkubwa kuliko mboloko, na mvua ilikuwa tayari inasikika. Alipiga. Nilimuona mnyama akiruka na mshale ukiwa nyuma kidogo ya pale ulipotakiwa. Mvua ikaja. Tulitafuta mpaka giza, tukatafuta kesho yake, mjomba akitembea ameinama mpaka mgongo ukamuuma. Siku ya tatu nzi walituonyesha. Ulikuwa ni mwendo mfupi tu kutoka mahali tulipopita mara mbili. Nyama yote imeharibika. Mke wa mjomba alisema maneno makali siku ile, kwamba mnyama amekufa na watoto wamelala njaa, hasara mbili kwa mshale mmoja. Mjomba hakumjibu. Ilipita muda kabla hajashika upinde tena.

Lakini mdogo wangu hakuuliza habari za Ituri. Aliuliza habari za Marekani. Na Marekani kuna mtu ambaye wasomaji wa gazeti hili mtamtambua upesi, kwa sababu alikuwa mkimbizi ndani ya nchi yake mwenyewe.

Kaskazini mwa California, chini ya mlima Lassen, kuna makorongo mawili yanayoitwa Mill Creek na Deer Creek. Hilo la pili maana yake ni Kijito cha Kulungu. Hapo waliishi Wayahi, tawi la Wayana. Dhahabu ilipopatikana California mwaka 1848, wageni walimiminika, na katika miaka ya 1860 Wayahi waliuawa kwa makundi mpaka ikadhaniwa wamekwisha. Hawakuwa wamekwisha. Wachache walibaki, wakajificha makorongoni kwa takribani miaka 40. Walitembea juu ya mawe ili wasiache nyayo. Waliwasha moto mdogo. Waliwinda kwa upinde, kwa sababu upinde hauna sauti, na bunduki ingewaita wauaji. Mwaka 1908 wapimaji wa ardhi wa kampuni ya umeme waliigundua kambi yao ya mwisho, wakabeba vitu vyao vingi. Tarehe 29 Agosti 1911 mwanamume mmoja, peke yake, mwenye njaa, nywele zake zimechomwa fupi kwa matanga, alikutwa kwenye uwanja wa machinjio karibu na mji wa Oroville.

Jina lake halikujulikana. Kwao mtu hajitaji jina mwenyewe, lazima wa kwako akutaje, na wa kwake wote walikuwa wamekufa. Wakamwita Ishi, neno la Kiyana lenye maana ya mtu. Alfred Kroeber na Thomas Waterman, wataalamu wa chuo kikuu, walimpeleka San Francisco akaishi kwenye jumba la makumbusho. Jirani na hapo kulikuwa na shule ya udaktari, na mwalimu mmoja wa upasuaji, Saxton Pope, akawa rafiki yake. Ishi alimfundisha upinde, na Pope akaandika alichokiona.

Ninachokijua kuhusu uwindaji wa Ishi kimetoka kwa Pope. Upinde wake ulikuwa wa mti wa mreteni, mgongoni umebandikwa kano za kulungu kwa gundi iliyopikwa kwa ngozi ya samaki. Kamba nayo ilikuwa ya kano. Ncha za mishale alizichonga kwa jiwe la volkano linalokata kama kioo. Siku ya kabla ya kuwinda hakula samaki wala hakuvuta tumbaku. Alfajiri alioga na kujisugua majani yenye harufu nzuri. Alikuwa akikunja jani mdomoni na kutoa sauti ya mtoto wa kulungu anayelia, ili mnyama aje karibu. Yaani kazi yake yote ilikuwa kufupisha umbali, ili mshale usikose.

Sasa angalia vifaa hivyo. Kano na gundi ya samaki, adui yao ni maji. Unyevu ukiingia, kamba inavutika, kano zinaanza kuachia, upinde unapoteza nguvu. Upinde wa namna ile haubebwi kwenye mvua na kutegemewa. Hivyo swali la mdogo wangu, kwa mtu kama Ishi, lingekuwa limejibiwa kabla halijaulizwa. Upinde wenyewe ungesema hapana. Hakuhitaji kubishana na kijana wa mtu.

Ishi alikufa kwa kifua kikuu tarehe 25 Machi 1916. Pope aliendelea na upinde pamoja na rafiki yake Arthur Young, na mwaka 1923 alitoa kitabu cha kuwinda kwa upinde na mshale ambacho kiliwasha moto kwa Wamarekani wengi. Mwaka 1925 wote wawili walikuja mpaka Tanganyika, pamoja na mwandishi Stewart Edward White, kuwajaribu simba kwa mishale. Hapo ndipo naona njia inagawanyika. Ishi alipiga ili ale na asisikike. Pope na Young walipiga ili kuthibitisha kwamba inawezekana. Miaka thelathini hivi baadaye, huko Tsavo nchini Kenya, Wawaata waliokuwa wakiwinda tembo kwa pinde tangu mababu walikamatwa na kufungwa kama majangili. Sisemi hayo ili kuwasha ugomvi. Nasema kwamba maadili ya uwindaji mara nyingi yameandikwa na mwenye leseni, kwa hiyo tunaposoma yaliyoandikwa tukumbuke pia wale waliokuwa nayo bila kuandika.

Tufike Wisconsin. Kufikia mwaka 1900, kuwinda kwa ajili ya soko kulikuwa kumewapunguza kulungu wa mkia mweupe mpaka wakakadiriwa kutozidi 500,000 Marekani nzima. Sheria zikaja, misimu ikawekwa, na leo wanakadiriwa kufika milioni 30 hivi. Wanakula mashamba na kugongana na magari. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kule kuwinda ni dhambi kwa sababu wanyama wanaisha, nitamwambia hesabu zinakataa. Mwaka 1934 Wisconsin ilifungua msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde, katika kaunti mbili tu, Columbia na Sauk. Likawa jimbo la kwanza kufanya hivyo katika zama hizi.

Wakati huohuo, kwenye chuo kikuu cha jimbo hilo, alikuwepo profesa aitwaye Aldo Leopold. Alichonga pinde zake mwenyewe, na mke wake Estella alikuwa bingwa wa jimbo wa kupiga mishale. Leopold alifariki mwaka 1948, na kitabu chake mashuhuri, A Sand County Almanac, kilitoka mwaka uliofuata. Ndani yake ana wazo moja ambalo nimelibeba muda mrefu: mwindaji kwa kawaida hana watazamaji. Mchezaji wa mpira ana refa na mashabiki wa kumzomea. Mwindaji yuko peke yake na dhamiri yake. Akimjeruhi mnyama, mnyama akapotea, mvua ikafuta, hakuna atakayejua. Anaweza kurudi kazini Jumatatu akacheka na wenzake.

Wazo hilo lilizidi uzito kwa sababu ya kilichofuata. Mwaka 1966 mtu wa Missouri, Holless Wilbur Allen, aliomba hakimiliki ya upinde wenye magurudumu na nyaya, akaipata mwaka 1969. Ndio upinde alionao mdogo wangu. Magurudumu yanabeba sehemu kubwa ya uzito ukishavuta, kwa hiyo mtu anaweza kulenga kwa utulivu. Hauna kano wala gundi ya samaki. Mishale ni ya kaboni, na badala ya manyoya ya bata mzinga yanayolowa na kulala, ina mapezi ya plastiki. Ongeza koti lisilopitisha maji. Ongeza na simu inayokuambia saa ngapi mvua itaanza.

Kila kitu sasa kinastahimili mvua, isipokuwa damu. Damu ni ileile ya siku za Ishi, na bado inaoshwa. Kile kizuizi kilichokuwa ndani ya upinde kimetoka, na hakuna sheria ya jimbo iliyokuja kukaa mahali pake, maana hakuna askari anayeweza kusimama kila chini ya mti na kutazama mawingu. Kimebaki kwa mtu. Yule mzee wa kazini kwa mdogo wangu, anaposema "leo hapana," anafanya kwa hiari yake kazi ambayo zamani ilifanywa na kano za kulungu.

Lazima nimtendee haki na yule kijana wake, maana hoja zake si za kipuuzi. Wawindaji wengi wanaamini kulungu hula sana kabla ya dhoruba. Ardhi yenye unyevu haitoi kelele chini ya kiatu. Manyunyu mepesi hayafuti kila tone, kuna damu inayobaki chini ya majani. Na mtu mzoefu, akipiga kwa karibu na vizuri, anamuona mnyama akianguka mbele ya macho yake, mvua au jua. Tena siku hizi majimbo mengi yanaruhusu mbwa aliyefungwa kamba kumtafuta kulungu aliyejeruhiwa, na pua ya mbwa inapata kile ambacho macho yamepoteza, hata baada ya mvua ya wastani. Zipo na nchi zilizomaliza ubishi kwa kukataza kabisa: Ujerumani hairuhusu kulungu kupigwa mshale, na Uingereza ilipiga marufuku pinde kwa wanyama wote wa porini katika sheria ya mwaka 1981. Kama kukataza kabisa ndiyo haki, basi hata siku ya jua mjomba wangu alikosea, na Ishi naye. Siwezi kufika huko.

Ila ukizitazama hoja za kijana, karibu zote zinaeleza siku ambayo mambo yamekwenda sawa. Mnyama amesimama vizuri, mkono haukutetemeka, upepo haukusukuma. Kwa siku kama hiyo hatuhitaji maadili, tunahitaji kisu na jokofu tu. Maadili ni ya ule mshale ulioingia nyuma kidogo. Kila mpiga upinde, hata bingwa, anao mmoja wa namna hiyo mbele yake, na hajui ni upi. Swali la mvua ni hili: ukiwa ni huu wa leo, utaweza kumfikia?

Kwa hiyo nilimwandikia mdogo wangu maswali badala ya amri. Mnyama yuko umbali gani? Mwanga umebaki wa saa ngapi? Mbwa wa kutafuta yupo, au mwenyewe yuko safarini? Uko tayari kutembea kwa tochi usiku kucha ukilowa, na kesho kukosa zamu ya kazi na pesa yake? Ukijibu hapana mahali popote, toa mshale kwenye kamba. Aliye tayari kufuata ndiye mwenye haki ya kuachia.

Niliongeza na jambo la njaa, maana sitaki kuwa mwepesi kwa mwenye shida. Mjomba siku ile alikuwa na mgonjwa ndani ya nyumba. Simhukumu. Mwenye njaa anaruhusiwa kujaribu bahati ambayo aliyeshiba haruhusiwi. Lakini njaa hiyohiyo ndiyo inayosema mnyama aliyepotea halishi mtu. Na wewe, mdogo wangu, una mshahara na duka liko wazi. Kulungu huyu kwako ni nyama nzuri na jioni nzuri na marafiki. Vitu hivyo havidai haraka.

Hapo ningeweza kumaliza. Lakini mdogo wangu hakumbuki sababu ya pili inayonifanya niseme hivi, kwa kuwa alikuwa mgongoni kwa mama.

Mwishoni mwa 2002 vita vilipofika upande wa Mambasa, tulikimbia usiku. Mjomba alikuwa nyuma yetu. Alipigwa risasi ubavuni, si penye kuua papo hapo. Alimwambia mama aendelee na watoto, yeye akageukia upande mwingine wa msitu, nadhani ili wanaotufuata wamfuate yeye. Kisha tukaisikia mvua juu ya majani. Mama alisema, "Mvua hii ni yetu, twende." Alikuwa na haki. Tulikuwa watu wengi, na nyayo zetu kwenye udongo zingesomwa na mtoto mdogo. Mvua ilizifuta zote. Asubuhi wanaume wawili walirudi kumtafuta mjomba kadiri walivyothubutu. Hakuna nyayo, hakuna damu. Mvua iliyotuokoa ndiyo iliyomficha. Hatukumpata mpaka leo, wala hatukuzika.

Sisemi mjomba ni mnyama, na asitokee wa kuniambia nimelinganisha. Nasema tu kwamba najua jambo moja kuhusu jeraha na mvua kwa upande ule mwingine. Kiumbe kilichojeruhiwa kikifichwa na mvua, watu huona hadithi imeishia hapo, lakini kwake bado inaendelea, masaa, pengine siku, bila mtu. Waliompiga mjomba hawakumfuata kwa wema wala kwa ubaya. Sisi tuliompenda hatukuweza. Anayeachia mshale huku anaijua mvua anachagua kwa hiari kile ambacho sisi tulilazimishwa.

Nilikuwa bado naandika haya mdogo wangu alipotuma sauti ya pili, kesho yake usiku. Alikuwa amekasirika kidogo. Walikuwa wamekaa juu ya mti, mawingu meusi, na kulungu dume akapita karibu kabisa. Mzee akatikisa kichwa. Hawakupiga.

"Na unajua nini, yaya? Mvua yenyewe haikunyesha! Hata tone moja! Tumepoteza bure."

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Nikamrudishia sauti fupi kwamba hawakupoteza. Mshale ukishatoka hauitwi kurudi, kwa hiyo unapimwa kwa kile mlichokijua mkiwa juu ya mti, si kwa kile mbingu ilichoamua baadaye. Mvua ingenyesha, yule mzee asingekuwa na haki zaidi. Haikunyesha, na hakuwa na haki pungufu.

Baada ya kuituma niliisikiliza tena mwenyewe. Mama alifariki hapa kambini miaka sita iliyopita, na mpaka mwisho alikuwa akiuliza kama tungesubiri kidogo usiku ule, kama tungerudi kabla mvua haijakolea. Nilikuwa namwambia, "Mama, acha." Sikuwahi kumwambia hili nililomwambia mdogo wangu kuhusu kulungu. Lilikuwa jibu lake pia, na nimelipata nikiwa nimechelewa.

Ishi naye, alipokufa, ubongo wake ulitolewa na kupelekwa Smithsonian, Washington, bila ridhaa ya mtu wa kwao. Ilikuwa mwaka 2000 ndipo ulirudishwa kwa wazao wa Wayana, wakamzika huko nyumbani kwao. Miaka 84. Damu ya kufuata ilikuwa imekauka zamani, na bado kuna watu walioendelea kufuata.